Foleni moja Namanga, vifungu vinne: jinsi mikataba ya biashara inavyoamua nani avuke kwenda kufanya kazi

Tuseme basi dogo limetoka Nairobi asubuhi na Wakenya wanne wanaokuja Arusha. Wa kwanza ni mhandisi wa barabara, kasajiliwa na bodi ya kwao na mkononi ana mkataba wa kampuni ya ujenzi. Wa pili ni mama anayefuata vitunguu Mang'ola. Wa tatu ni kinyozi. Binamu yake kampigia simu kwamba kuna kiti kimebaki wazi kwenye saluni moja pale Sakina. Wa nne kaletwa na kampuni kubwa ya hoteli awe meneja mkuu wa tawi lao jipya.

Pale Namanga, kwenye kituo cha pamoja cha mpakani ambacho Marais Magufuli na Kenyatta walikizindua Desemba 2018, wote wanne wanapanga foleni moja. Wote ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hakuna anayelipia viza, na muhuri wanaogongewa unaweza kuwapa hadi miezi sita. Anayewatazama kwa nje atasema mpaka umebaki jina tu. Ila muhuri ule unaruhusu kuingia, hauruhusu kufanya kazi. Wakishashuka Arusha kila mmoja anaangukia kifungu chake, na kinyozi wetu, kama tutakavyoona, hana pa kuangukia.

Hapo ndipo mikataba ya biashara inapokutana na uhamaji wa watu kwenda kutafuta riziki. Tumezoea kuifikiria kama mambo ya ushuru, makontena na mahindi yaliyozuiliwa mpakani. Lakini ndani yake kuna kurasa zinazohusu binadamu, na kurasa hizo hazimtaji binadamu kwa ujumla. Zinamtaja kama mtoa huduma, mwekezaji, mfanyakazi mwenye ujuzi fulani, au mgeni mtembezi. Jina utakaloangukia ndilo linaloamua utakaa siku ngapi, utalipa nini, na kama mwenzi wako anaruhusiwa kukufuata.

Kwa nini biashara iguse watu

Bidhaa unaipakia kwenye lori, mwenyewe ukabaki nyumbani. Huduma nyingi hazipakiki. Mhasibu, fundi wa lifti au daktari wa mifugo lazima aje mwenyewe. Ndiyo maana nchi zilipokubaliana kufungua biashara ya huduma zilijikuta zinajadili watu, zitake zisitake.

Mkataba mkubwa wa dunia katika eneo hili ni ule wa jumla wa biashara ya huduma, uliosainiwa Marrakesh Aprili 1994 pamoja na mikataba iliyozaa Shirika la Biashara Duniani, lililoanza Januari 1995. Unagawa huduma katika njia nne: inavuka yenyewe, kama ushauri unaotolewa kwa intaneti; mteja anaifuata, kama mtalii anayekuja Ngorongoro; kampuni inafungua tawi nchi nyingine; au mtu anakwenda kwa muda kuitoa. Njia ya nne ndiyo inayobeba watu, na tangu mwanzo ilifungwa kamba. Kiambatisho chake kinasema wazi kwamba mkataba hauwahusu wanaokwenda kutafuta ajira katika soko la nchi nyingine, wala hauhusu uraia, ukaazi au ajira ya kudumu.

Kisha kila nchi iliandika jedwali la ahadi zake. La Tanzania ni fupi mno na ukiwa Arusha linafurahisha kulisoma, kwa sababu linahusu jambo moja: hoteli za nyota nne na kuendelea. Kuhusu watu, ahadi ni kwa mameneja wa ngazi ya juu wenye ujuzi usiopatikana nchini. Yule abiria wetu wa nne basi amefikiriwa hadi Geneva, yaliko makao ya shirika hilo. Mhudumu wa mezani katika hoteli ileile, mpishi na mtunza bustani hawajatajwa popote. Wala si roho mbaya ya Tanzania peke yake. Majedwali ya nchi nyingi, tajiri na maskini, yameelemea hukohuko: mabosi wanaohamishwa ndani ya kampuni moja, wataalamu, watu wa mikutano ya biashara. Mtaji unaposafiri hupenda kusafiri na watu wake.

Jumuiya: kifungu kimoja, majedwali mengi

Afrika Mashariki ilithubutu zaidi. Itifaki ya Soko la Pamoja ilisainiwa hapahapa Arusha Novemba 20, 2009 na ikaanza kutumika Julai 1, 2010. Kifungu cha 7 kinampa raia haki ya kuingia, kutembea, kusoma, kutibiwa na kupita. Cha 10 ni cha wafanyakazi, cha 13 ni cha wanaotaka kujiajiri au kufungua kampuni, na cha 16 ni cha huduma. Mikataba michache ya biashara Afrika inasema kwa sauti kubwa namna hii kwamba mfanyakazi ni mfanyakazi, na asibaguliwe kwa uraia wake.

Ukisoma kifungu cha 10 peke yake, kinyozi anaweza kuanza kushangilia. Kinasema mfanyakazi ana haki ya kuomba kazi, kukubali ajira aliyopewa kweli, kusafiri kwa ajili hiyo, kuingia mkataba, na kufuatana na mwenzi na watoto. Lakini kifungu hicho kinasomwa pamoja na kiambatisho, na humo kila nchi imeorodhesha makundi ya kazi iliyoyafungulia mlango na kuanzia lini. Tanzania iliorodhesha wataalamu na mafundi wenye vyeti. Kibarua, mlinzi, dada wa kazi za nyumbani na mpagazi wa mlimani hawamo. Kinyozi naye hawezi kupata kazi kwa kupitia orodha hiyo. Kazi za utumishi wa umma zimewekwa nje ya kifungu chote, labda sheria ya nchi iruhusu.

Kwa maoni yangu, jedwali ndilo mkataba wenyewe. Vifungu vya mbele vinasomwa kwenye sherehe za kusaini. Jedwali linasomwa na ofisa wa dirishani.

Mhandisi ndiye anayefaidi zaidi. Mbali na kundi lake kuwamo, bodi za wahandisi zilisaini mwaka 2012 makubaliano ya kutambuana, kama walivyotangulia wahasibu na wasanifu majengo mwaka 2011, na baadaye wakafuata madaktari wa mifugo. Maana yake ni kwamba usajili wake wa Nairobi unapokelewa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania bila kumrudisha kwenye mitihani. Watu hulipita jambo hili haraka, na ni kosa. Kibali cha kazi bila cheti kinachotambulika ni kama kupewa ufunguo wa chumba kisichokuwa na mlango: unao, unauzungusha hewani. Wanasheria wa kanda hii wamekuwa wakivutana kwa miaka kuhusu kutambuana kwao, na wakati huo wote wakili wa Moshi hajaweza kusimama mahakamani Nairobi kwa nguvu ya leseni yake ya nyumbani tu.

Hata hivyo mhandisi bado ana ofisi za kuzunguka. Kanuni za Itifaki zinasema aliyepata ajira ya zaidi ya siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kuingia mkataba, na mamlaka ikitoe ndani ya siku 30, kwa muda wa hadi miaka miwili unaoweza kuongezwa. Upande wa pili ipo Sheria ya Tanzania ya Ajira kwa Wasio Raia ya mwaka 2015. Kibali cha kazi ni cha Kamishna wa Kazi, kibali cha ukaazi ni cha Uhamiaji, na mwajiri anatakiwa kuonyesha kwamba alimtafuta Mtanzania akamkosa, na kwamba ana mpango wa kumrithisha Mtanzania nafasi hiyo. Kenya na Rwanda ziliondoleana ada za vibali; Tanzania iliendelea kutoza. Itifaki haikuharamisha lolote kati ya hayo. Iliacha utekelezaji kwa sheria za ndani, na sheria za ndani zinaandikwa na wabunge wanaopigiwa kura na vijana wasio na ajira wa majimboni kwao.

Vitunguu, saluni na Amri ya 2025

Mama wa vitunguu hajaja kuajiriwa, kwa hiyo kifungu cha 10 hakimhusu. Anaingia kama mgeni, ananunua, anapakia, anaondoka. Mzigo ukiwa wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani upo utaratibu rahisi wa cheti cha uasili, yaani karatasi inayoonyesha bidhaa imetoka ndani ya Jumuiya; unajaza fomu hapohapo mpakani bila wakala wa forodha. Ni utaratibu uliowasaidia sana wafanyabiashara wadogo wa Namanga na Holili, wengi wao wanawake, ambao kwa hesabu za vitabuni si wahamiaji wa kazi ingawa wanaishi kwa kuvuka.

Halafu Julai 28, 2025 ikatoka Amri ya Leseni za Biashara inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Ndani yake kuna saluni, ufundi wa simu, uwakala wa pesa za simu, udalali, uwakala wa forodha, usafi wa nyumba na ofisi, kuongoza watalii, maduka ya vinyago, na ununuzi wa mazao shambani. Anayekutwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo, na kufutiwa viza na kibali. Mtanzania anayemsaidia naye ana faini yake.

Chanzo cha amri kilikuwa malalamiko ya Kariakoo, hasa dhidi ya Wachina wanaouza rejareja. Lakini iliandikwa kwa neno "wasio raia", na Mkenya ni asiye raia kama wengine. Nairobi ikapinga haraka kwamba inakwenda kinyume na Soko la Pamoja. Ukiweka amri na kifungu cha 13 mezani pamoja, naona ni vigumu kusema havigongani: kifungu kinampa raia wa Jumuiya haki ya kujiajiri, amri inamnyima leseni ya kujiajiri. Upande wa pili, aliyewahi kuongea na wakulima wa Mang'ola au wa nyanya kule Ngarenanyuki anajua kwamba mambo hayaendi mstari mmoja. Mnunuzi wa Nairobi mara nyingi ndiye mwenye pesa taslimu siku ya kuvuna. Kumzuia asifike shambani ni kumpa nguvu dalali wa hapa, ambaye si lazima awe na huruma zaidi.

Kinyozi wetu sasa ana milango miwili iliyofungwa: kama mwajiriwa hayumo kwenye jedwali, kama mwenye biashara amekatazwa na amri. Anachobakiwa nacho ni muhuri wa miezi sita na kiti cha binamu. Hivyo ndivyo wengi wanavyofanya kazi pande zote za mpaka, Watanzania walioko Nairobi wakiwamo: wanaishi kwa muhuri wa mgeni na kurudi mpakani kuugonga upya. Mkataba haukuwazuia kuhama. Uliwaacha wahame bila karatasi, na asiye na karatasi hudai mshahara wake kwa sauti ya chini.

Kuhusu waongoza watalii, Arusha haikuwa inasubiri amri yoyote. Sheria ya Utalii ya 2008 ilikwisha kuweka kazi hiyo na ya kupandisha watu mlimani mikononi mwa Watanzania. Hata magari yana historia yake. Makubaliano ya utalii ya 1985 kati ya Kenya na Tanzania yalitaka magari ya upande mmoja yawashushe watalii sehemu maalumu bila kuingia hifadhi za upande mwingine, na njia ya Bologonja kati ya Maasai Mara na Serengeti imefungwa kwa watalii tangu 1977. Desemba 2014 Kenya iliyazuia magari ya Tanzania kufika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Machi 2015 Tanzania ikajibu kwa kupunguza safari za ndege za shirika la Kenya kutoka 42 kwa wiki hadi 14. Marais wawili walipokutana Namibia siku chache baadaye wakayamaliza. Ugomvi wote ule, ukiuchambua, ulikuwa juu ya dereva wa nchi gani ashike usukani na kupokea bahashishi.

Bidhaa zikihama, kazi zinahama

Mpaka hapa nimeongelea vifungu vinavyomtaja mtu. Kuna njia ya pili isiyomtaja kabisa, nayo labda ina nguvu zaidi.

Angalia waridi. Mashamba ya maua kuanzia Tengeru hadi Usa River yalivuta wafanyakazi, wanawake hasa, kutoka wilaya za mbali, wakapanga vyumba kando ya barabara ya Moshi. Soko ni Ulaya. Tanzania, ikiwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, tangu 2001 inaingiza Ulaya karibu kila kitu bila ushuru, isipokuwa silaha. Kenya haimo kwenye kundi hilo. Ndiyo sababu Jumuiya ilipojadili Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi na Umoja wa Ulaya, Tanzania ilikuwa na uwezo wa kukataa mwaka 2016, hali Kenya, ambayo maua yake yalikwisha kuonja ushuru miezi ya mwisho ya 2014, ilisaini. Baadaye Kenya ilisaini wake peke yake Desemba 2023, ukaanza kazi Julai 2024. Hakuna mstari humo unaompeleka mtu Ulaya kufanya kazi. Lakini kila asilimia ya ushuru kwenye shina la waridi inaamua kama msichana wa kijijini atapata kibarua Naivasha, Usa River, au asipate kabisa.

Meksiko ilijifunza upande mchungu wa jambo hili. Mkataba wake na Marekani na Kanada ulipoanza Januari 1994, viongozi waliutetea kwa hoja kwamba bidhaa zikivuka watu hawatakuwa na haja ya kuvuka. Mahindi ya Marekani, yenye ruzuku nyuma yake, yakamiminika. Wakulima wadogo wakashindwa bei. Mgogoro wa sarafu yao mwishoni mwa mwaka huohuo ukazidisha. Na uhamaji kwenda kaskazini ukapanda miaka iliyofuata. Mkataba wenyewe ulikuwa na viza maalumu kwa wataalamu wenye shahada. Mkulima wa mahindi hakuwamo.

Nchi nyingine zimeweka idadi kabisa. Mikataba ya Marekani na Chile na Singapore iliyoanza 2004 iliwatengea wataalamu viza 1,400 na 5,400 kwa mwaka. Japani ilifungua mlango kwa wauguzi wa Indonesia mwaka 2008, kisha wa Ufilipino, ndani ya mikataba ya ubia wa kiuchumi, kwa sharti la kufaulu mtihani wa taifa wa uuguzi kwa Kijapani ndani ya miaka mitatu. Mwaka 2010 waliofanya mtihani walikuwa 254, wakafaulu 3. Baadaye masharti yalilegezwa kidogo, ila inaonyesha jinsi mlango unavyoweza kuwa wazi kwenye mkataba na kizingiti kikawekwa mahali pengine.

Kazi za Ghuba, ambazo vijana wengi wa Moshi na Arusha huzisikia kwa mawakala, haziko kwenye mikataba ya aina hii. Zile hupita kwenye makubaliano ya ajira kati ya serikali na serikali, kama Kenya ilivyofanya na Ujerumani Septemba 2024. Makubaliano hayo hutaja mshahara na masharti kwa undani zaidi, lakini hubadilishwa kirahisi, na ukidhulumiwa huna mahakama ya kanda ya kuiendea.

Jumuiya inayo. Mahakama ya Afrika Mashariki iko Arusha, na imewahi kuuma. Aprili 2011 mwanasheria Mkenya, Samuel Mukira Mohochi, alizuiwa uwanja wa Entebbe na kurudishwa kwao bila kupewa sababu. Mei 2013 Mahakama iliamua kwamba Uganda ilivunja Mkataba na Itifaki, na kwamba mamlaka ya nchi juu ya mipaka yake hayaondoi ahadi iliyojifunga nazo.

Kwa Mtanzania anayeitwa kazini Nairobi au Kigali leo, mambo yanakwenda kwa mfuatano huu. Kwanza aangalie kama kundi la kazi yake limo kwenye jedwali la nchi anayokwenda, si la Tanzania. Kama taaluma yake ina makubaliano ya kutambuana, apate barua ya bodi yake kabla ya kuondoka. Mkataba uandikwe na kusainiwa ndipo aanze kuhesabu zile siku 15 za kuomba kibali. Anayekwenda kwanza halafu akatafute kazi hukohuko, huyo kisheria ni mgeni tu. Aulize pia michango yake ya hifadhi ya jamii itakwenda wapi. Wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya kwanza, wale wa reli, bandari, posta na ndege, walirudishwa makwao ilipovunjika 1977, mgawanyo wa mali ukasainiwa Arusha 1984, na bado wakadai mafao yao barabarani Dar es Salaam hadi miaka ya 2000. Na akikataliwa kibali kwa sababu anayoona inavunja Itifaki, asikae kulalamika kijiweni: kesi ya Arusha inafunguliwa ndani ya miezi miwili tangu uamuzi utolewe au aujue, ikipita hapo Mahakama haiisikilizi.